Nukta ya Buluu

Kadiri baiskeli ilivyokwenda mbali, ndivyo sukari ya mwenye baiskeli ilivyozidi kupanda.

Mwoka keki hakuelewa. Mumewe alianza na kilomita ishirini kwa wiki, akafika arobaini, na wiki iliyopita simu ilionyesha themanini. Daktari alisema mazoezi yatashusha sukari. Lakini kila Jumatatu mke alipomtoboa kidole na kutazama kipimo, kipimo kilimkejeli.

"Labda ndivyo mwili wangu ulivyo," mume alisema, akikifyonza kile kidole. "Nitaongeza mwendo."

Mwoka keki alikuwa na sababu ya kuogopa. Kisukari kilimkata baba yake mguu mmoja, kikarudia wa pili, kisha kikamchukua mzima mzima. Hakuwa tayari kumuuguza mtu mwingine namna ile. Sukari ikapigwa marufuku mezani, na keki za biashara akazihamishia stoo ya uani, ile yenye mlango mwingine wa kutokea uchochoroni, mbali na macho ya mgonjwa.

Huko stoo nako kukaingia panya.

Mume ndiye aliyemwona kwanza. "Dume la panya, linakaribia paka! Usikanyage humo, mke wangu. Ukitaka kitu, niambie nikutolee." Mkewe, ambaye akiona panya hupanda juu ya meza, alishukuru kwa moyo wote.

Lakini panya yule alikuwa na madaha. Unga hakuugusa. Alikula keki tu, hasa za chokoleti, tena alianzia kwenye krimu. Jumapili iliyopita alimega ghorofa ya chini ya keki ya harusi, na mwoka keki akalia mbele ya wateja wake. Alipotaja sumu, mume alikuja juu. "Sumu kwenye chakula cha watu? Una wazimu wewe?"

Basi safari hii hakumwambia.

Alfajiri ya Jumapili, mume akijaza upepo matairi kule mbele, yeye alijipa moyo, akazitoa keki zote stoo. Akaacha moja tu kwenye rafu, ndogo, ya chokoleti, yenye krimu maradufu. Aliiandaa, akanawa mikono mara mbili, akafunga mlango. Dakika chache baadaye mume alipita jikoni na kaptura yake ya kubana, tumbo likimtangulia, akaaga, akaondoka na rafiki yake kinyozi.

Dada yake mwoka keki alifika kabla chai haijapoa. Alikuja na lake moyoni.

"Jana niliikagua baiskeli ya shemeji. Tairi safi kama sahani. Mtu aende kilomita zote hizo arudi bila vumbi? Vumbi hilo anamwachia nani?"

"Anaifuta kabla ya kuingia, asichafue kibaraza."

"Mwanamume wako? Anayeacha soksi kwenye meza ya kulia?"

Mwoka keki akamsogezea simu. Waliziunganisha simu zao siku ile mume alipozirai bafuni, ili mke aweze kumwona popote alipo. Kwenye ramani, nukta ya buluu ilikuwa inapanda kilima cha tangi la maji, polepole, bila kupumzika. Dada akaikodolea macho, akingoja isimame mbele ya nyumba ya mwanamke fulani. Haikusimama. Ikashuka kilima, ikapita kiwanda cha matofali, ikashika barabara kuu.

"Haya," dada akakubali, na ilimuuma kidogo kukubali. "Anaendesha kweli."

"Wenzake wana sababu zao. Kinyozi anaendesha kwa sababu siku sita anasimama mahali pamoja. Yule mhasibu wanayekutana naye njiani anamkimbia mama mkwe. Wangu anaendesha ili asiniache mjane."

Ndipo huko uani kitu kikaanguka, kikafuatwa na trei za kuokea, moja baada ya nyingine.

Mwoka keki akashika shavu. "Amekula!"

Trei zikanyamaza. Kikaja kishindo kizito, halafu mkwaruzo mrefu chini ya mlango.

"Huyo panya au ndama?" dada akauliza, akiinuka. "Ngoja nikachungulie."

"Kaa! Ukifungua atatupitia miguuni. Mwache afe. Mimi nililia mbele ya watu kwa ajili yake."

Akaongeza sauti ya redio. Mkwaruzo ukaendelea kwa muda, ukafifia, ukakoma. Mwoka keki alijisikia mwepesi kuliko siku zote za mwaka ule. Aliona aibu kidogo kufurahia kifo cha kiumbe, kisha aibu ikapita, akajimiminia chai nyingine.

Nukta ya buluu ilikuwa inarudi. Ilipofika kona ya mtaa wao, ikasimama.

Dada akaruka. "Imesimama! Kona pale anakaa nani?"

"Pale pana bomba. Ananawa."

Ikakaa pale kona, ikakaa, hata mwoka keki mwenyewe akaanza kuuma kucha. Hatimaye ikasogea, ikaja moja kwa moja mpaka langoni. Akacheka kwa faraja, akamtazama dada yake kwa jicho la ushindi, akajaza maji kwenye glasi kubwa, akaenda kumpokea mumewe.

Langoni alisimama kinyozi peke yake, ameloa jasho, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi. Mkononi alishika simu ya mumewe.

"Shemeji, nisamehe, alinikataza nisikwambie," akasema, macho yakiwa chini. "Nimemngoja pale kona mpaka nimechoka. Hebu kamwamshe huko stoo, aje achukue simu yake."