Nani Anafuta Vinota?

Asubuhi ile vinota vilikuwa vimefutwa tena.

Fundi alivuta kiti, akaukodolea macho ukurasa wa nne kwenye kompyuta. Hapo mwanzo wa ubeti alikuwa ameweka vinota vya pambo, vile vidogo vinavyoimbwa chapuchapu kabla ya nota kubwa. Jana aliviweka kwa mkono wake mwenyewe. Leo peupe.

Alimtupia jicho wifi yake, aliyekuwa meza ya dirishani akipanga karatasi kwa utulivu wa mtu asiye na kosa. Tangu mume wa Fundi amlete dada yake huyo ofisini kujifunza kuchapa nota, mambo yalikuwa yakienda mrama. Na leo mtunzi wa wimbo anakuja kuchukua kazi. Ikimridhisha, atamkabidhi Fundi kitabu kizima cha kwaya. Isipomridhisha, ofisi haina kazi nyingine, itabidi ifungwe.

Fundi alivirudisha kimoja kimoja, vidole kwenye kibodi, macho kwenye mswada ambao mtunzi aliuandika kwa kalamu nene. Alifungua mipangilio, akahakikisha vinota havijafichwa. Akaizima programu, akaiwasha upya. Peupe vilevile. Alipobonyeza asikilize, sauti ilitoka imesongamana, mapambo yakikanyagana. Kumbe hata sauti imechezewa.

Wifi alimshauri aukuze ukurasa. Fundi alicheka kwa dharau. Miaka yote kanuni yake ni moja: ukurasa hukaguliwa kwa ukubwa utakaochapishwa, kama mwimbaji atakavyouona. Kukuza ni kwa wanaojifunza.

"Basi nikuangalizie mimi," wifi akasema.

"Umeshaniangalizia vya kutosha, wifi."

Wifi aliwasha taa ya mezani, akaisogeza karibu na Fundi, akarudi kwenye karatasi zake. Fundi aliuona huo ni unafiki mtupu. Alibadilisha nywila, akaifunga kompyuta, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, hata vya ukurasa wa tano havikuwepo.

Akaviandika upya vyote, akachapisha harakaharaka bila kuangalia tena skrini, akazikumbatia karatasi kifuani ili wifi asizisogelee. Aliazimia kusema yote mbele ya mtunzi. Awe dada wa mume au nani, leo kitaeleweka.

Mtunzi alipofika, Fundi alimpa karatasi hata kabla hajaketi, akamwambia kwamba humu ndani kuna mtu anayemhujumu. Mtunzi alivaa miwani, akafunua ukurasa wa nne, kisha wa tano, kisha akarudi wa nne. Wifi aliinamisha kichwa.

"Fundi," mtunzi akasema taratibu, "mbona kila kinota umekiandika mara mbili, mara tatu? Tazama, vimejaa hadi vinapandana."

Fundi aliuchukua ukurasa, akausogeza machoni, akausogeza tena mpaka ukamgusa pua. Palikuwa peupe.