Alhamisi za Kiingereza

"Mteja yeye kuwa na haki ya kujuta," alisema Gunnel kwa Kiingereza chake cha kuchechemea, akitafsiri Kiswidi neno kwa neno, jasho likimtoka. "Siku kumi na nne, yeye kujuta."

Watu sita waliozunguka meza wakaitikia kwa vichwa. Gunnel ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo, na mkuu hachekwi usoni. Rigmor, mtafsiri, akamwokoa.

"Tuandike haki ya kuvunja mkataba," alisema. "Mwingereza akisoma kujuta, atadhani kampuni ya simu inamwita akaungame."

Wakacheka wote, Douglas zaidi ya wote. Rigmor akafurahi. Douglas akicheka, mkate wa Rigmor uko salama.

Rigmor na Douglas waliingia kampuni hii ya simu na mtandao, hapa Sundsvall, Uswidi, katika wiki ileile. Douglas alitoka tawi la London. Rigmor alitoka kwenye vibarua vya miezi miwili miwili, na alikuwa amevichoka mpaka kwenye mifupa. Akapewa mkataba wa majaribio kutafsiri maneno mia nane ya biashara yao kutoka Kiswidi kwenda Kiingereza. Siku nyingine zote alifanyia kazi nyumbani. Alhamisi alikuja ofisini, kila neno lijadiliwe mezani mpaka wote wakubaliane, maana humu hata jina la kisanduku cha intaneti haliamuliwi na mtu mmoja.

Wakubwa wa Stockholm walikuwa wameweka sharti: mtafsiri atalipwa pale tu penye mfanyakazi asiyejua Kiswidi. Kwa hiyo Rigmor alimtunza Douglas kama yai. Alimsogezea kiti, akammiminia kahawa, akamweleza kila kitu polepole. Na kwa ajili ya Douglas, kila Alhamisi wote walijitesa kwa Kiingereza tangu salamu hadi kwaheri.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia Börje, fundi wa nyaya. Akaropoka utani kwa Kiswidi. Douglas akacheka. Maskini, ana adabu kweli, Rigmor akawaza.

Ukafika wakati wa kahawa. Kwenye sahani likabaki andazi moja la mdalasini. Börje akalikata nusu, akachukua nusu. Gunnel akaikata iliyobaki. Douglas naye akakata robo ile katikati, akaacha kipande cha kumtosha panya. Rigmor akatabasamu. Mgeni wa watu ameshajua kwamba kwa Waswidi cha mwisho hakimalizwi!

"Kesho Stockholm wao kuamua ajira yako ya kudumu," Gunnel alimwambia Rigmor walipoinuka. "Wewe kulala vizuri."

Alale vipi? Akitoka hapa ni vibarua tena, na safari hii alikuwa na miaka hamsini na nane. Wenzake walikuwa wametangulia jikoni na vikombe vyao; akachukua birika, akawafuata awaongezee kahawa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani mtu alikuwa anaongea Kiswidi cha kaskazini, kile cha watu waliozaliwa kwenye theluji.

"Mpaka lini, shangazi? Taya zinaniuma! Jana nimemjibu hata mama kwa Kiingereza, akaniuliza kama naumwa."

Ilikuwa sauti ya Douglas. Rigmor akasogeza sikio mlangoni.

"Kaza, mwanangu," Gunnel alijibu. "Ni kesho tu. Stockholm wakijua wewe ni mtoto wa Östersund, Mswidi kama sisi, Rigmor hana kazi."

"Na mimi je?" Börje akalalamika. "Nina miaka thelathini kwenye nyaya, leo nashindwa kuomba sukari! Mkataba wake ukishasainiwa tu, naongea Kiswidi wiki nzima bila kupumua."

"Wote tutaongea," Gunnel akasema. "Ila Rigmor asijue, jamani. Atajisikia vibaya."

Rigmor alirudi nyuma hatua tatu, akafuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha akakohoa kwa nguvu, akasukuma mlango, na kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja, akamuuliza Douglas kama angependa kahawa zaidi.