Chumba cha Nyuma

"Kitasa kiwe upande wa nje," yule mama alisema. "Ndani kusiwe na kitu cha kushika."

Rula aliacha kubofya. Ofisi nzima walimwita hivyo, Rula, kwa sababu mstari wake haukupinda hata alipochora kwa mkono. Alikuwa amechora nyumba za watu wa kila aina, lakini hakuna mteja aliyewahi kumwomba mlango usiofunguka kwa ndani.

"Mama, hicho ni chumba cha kulala."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Alikuwa nesi mstaafu, gauni limepigwa pasi likanyooka, mkoba umetulia magotini. Mwanawe wa kiume alikuwa anaongeza chumba nyuma ya nyumba yake. Ndiye aliyemleta asubuhi ili aeleze anavyokitaka, kisha akakimbilia kazini. Kiti cha mama kilikuwa kimeziba upenyo kati ya meza na ukuta. Rula asingeweza kutoka bila kumnyanyua.

"Tufanye upesi, mwanangu. Ikifika mchana mimi huwa sifai kitu."

Rula akamweleza jinsi mchoro wa kompyuta unavyokaa: ni kama karatasi za plastiki angavu zilizolaliana. Kuta zina tabaka lake, milango ina lake, umeme una lake. Ukizima moja, mengine yanabaki.

"Kwa hiyo vitasa navyo vinaweza kupewa tabaka lao peke yao?"

"Vinaweza."

"Basi vipeleke huko. Mwanangu akirudi, ulizime. Fundi atauona mchoro kamili, yeye asiuone. Ana huruma ya kijinga yule. Hataki hata kusikia neno kitasa."

Rula akasukuma kipanya pembeni. Akamgeukia bosi wake, aliyekuwa meza ya pili na masikio yake yote huku.

"Mpe anachotaka," bosi alisema bila kuinua macho. "Matabaka ya ile wodi ya wagonjwa wa akili si unayo? Yaingize humo, usianze upya. Na sitaki maneno na wateja."

Akaufungua mchoro wa wodi, akayachagua matabaka, akayaingiza. Yalikuja na rangi zake zote: nondo za dirisha kwa buluu, tundu la kuchungulia kwa kijani, vitasa kwa nyekundu. Akaanza kupanga alama moja moja mahali pake. Nyumba ya watu, yenye sebule na baraza, ikavishwa nguo za hospitali.

Mama aliendelea kuagiza kwa sauti ya mtu anayesoma dozi ya dawa. Dirisha lisifunguke kuzidi upana wa kiganja. Jiko lipate mlango, nao ufungwe.

"Mgonjwa akiamka hudai amechelewa kazini," alisema. "Juzi walimkuta katikati ya barabara, hana viatu. Sasa, akifungiwa ataomba afunguliwe. Atabembeleza, atatukana. Asisikilizwe."

"Ni mzee wako?" Rula aliuliza, akimaanisha mumewe.

"Mzee alishatangulia." Mama alitabasamu kidogo. "Huyu nimeishi naye maisha yangu yote."

Dada yake, Rula akawaza. Damu yake mwenyewe.

"Na yeye ameambiwa?"

"Ameambiwa, na amekubali. Shida ni kwamba la asubuhi jioni halipo tena kichwani. Ndiyo maana nataka lichorwe."

Rula akachora. Kila mstari mwekundu alioweka ulimkaba yeye kwanza. Alimfikiria huyo dada akisukuma mlango usiosukumika, akiita majina ya watu walio sebuleni wanamsikia. Alitamani kuzima kompyuta aondoke, lakini mbele kulikuwa na kiti, nyuma ukuta, na pembeni bosi anakohoa. Ndipo akaamua. Mwana akija, tabaka lile halitazimwa. Mwenye huruma na aone mwenyewe.

Kufikia mchana mama alikuwa amenyamaza. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Hii mistari myekundu ni ya nini, mwanangu?"

"Si umeniagiza mwenyewe?" Rula alijibu kwa mkato. Kumbe mama na dhihaka anazo, akawaza.

Mwana alifika muda mfupi baadaye, mwanamume wa makamo mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi. Alisalimu watu, akainama juu ya meza kutazama skrini. Wekundu ulikuwa pale, kila mlango.

"Nimeambiwa nikufiche hili," Rula alisema. Hakumtazama bosi. "Nimeona si haki. Mtu anataka kufungiwa ndani ya nyumba yako wewe hujui."

Yule mwana akasogeza uso karibu na mchoro. Alifuata kwa kidole nondo za dirisha, tundu la kuchungulia, kitasa. Halafu akajifuta uso kwa kiganja.

"Nilishasema hapana," alisema polepole. "Nilisema nitalala mlangoni mimi mwenyewe, ikibidi."

Bosi alikuwa ameacha kukohoa. Mwana akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika mama yake mkono.

"Mama. Inuka twende nyumbani."

Mama aliinua uso. Akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyebisha hodi, kisha akamwinamia sikioni.

"Karibu, baba," alinong'ona. "Wewe ndiye fundi? Tafadhali, mwanangu asijue."