Mashimo ya Tausi

Nyani, mkuu wa kilima, alitangaza kwamba mgeni tajiri atakayenunua shimo atapewa kibali cha ukaazi. Tausi akaja kutoka ng'ambo ya mto, akanunua mashimo yote, hata lile alimopanga Mama Ngiri na wanawe, akawatoa nje. Alipopata kibali akarudi kwao, maana yeye hulala mtini.

Mvua zikaanza. Mama Ngiri akamwendea Nyani.

“Mzee, mashimo ni matupu. Niruhusu niwalaze wanangu.”

“Una kibali?”

“Mimi nimezaliwa hapa!”

“Sheria inasema mkaazi ni mwenye shimo.”

Ngiri akawakusanya wanawe waliolowa, wakavuka mto. Ng'ambo, mlinzi akawazuia.

“Ninyi ni wenyeji wa wapi?”

Ngiri akageuka, akakitazama kilima.