Sehemu ya Mwisho

Mkuu wa maktaba aliipenda programu mpya ya kompyuta aliyoletewa. Alibofya mshale mdogo, ukaelekea chini na sehemu ya ukurasa ikakunjuka. Akabofya tena, ikajikunja.

"Nani aliyebuni mikunjo hii?"

"Ni mimi, Mzee," alijibu Lukindo, ingawa aliyeihangaikia kwa miezi mitatu ni Zawena, aliyeketi kando yake.

"Na sehemu hii ya mwisho ina nini?"

Lukindo hakujua. Mkuu akaibofya. Yakatokea majina ya watengenezaji, aliyoyaandika Zawena: la Lukindo juu, kwa herufi nzito, na lake mwenyewe chini.

"Kumbe mko wawili. Binti huyu yeye alifanya nini?"

Zawena hakuinua macho. Lukindo, uso umemshuka, alishika kipanya ili aikunje sehemu ile. Kidole kikamgomea, na mshale ukabaki umeelekea chini.