Kitufe cha Babirye

"Dada, zima hicho kitufe! Wanaume wazima tunacheleweshwa na mwanamke mmoja!" sauti ya mwanamume ilifoka kwenye spika.

Sebuleni kwake mtaani Husby, huko ughaibuni, juu ya baiskeli ya mazoezi, Babirye alihisi damu ikimchemka. Yeye ndiye aliyeongoza msafara wao wa baiskeli wa mtandaoni kila Jumamosi, kila mtu akikanyaga akiwa kwake, na kitufe hicho kiliwaweka wote pamoja kwenye skrini, wenye mbio na wasio na mbio.

Miezi sita alikuwa amewasitiri kwa kitufe hicho. Aliyatazama mapaja yake, yaliyokomaa kwa kusambaza barua kwa baiskeli kwenye theluji.

"Haya, nimezima."

Akakanyaga pedali kama anayeponda nyoka.

Dakika tatu baadaye, barabara kwenye skrini ilikuwa yake peke yake.

"Dada," sauti ile ile ikahema, "kiwashe basi. Tafadhali."

Babirye akazima na spika.