Masale ya Korongoni

"Daraja limesombwa, kwa hiyo utampitisha binti yangu korongoni," baba mkwe alisema, akichora njia kwenye udongo kwa kijiti. "Na usikanyage pedali kama unakwenda kuposa!"

Primus alijaribu kucheka. Mkewe, aliyeshikwa na uchungu tangu jana, alikumbatia mgomba, kanga mdomoni.

"Chini ukungu ni mzito, na pembeni ni poromoko tupu. Shuka kwenye baiskeli, upapase masale. Niliyapanda mwenyewe kila kona. Ukiyafuata, unatokea hospitali."

Primus aliinua macho polepole. Nyuma ya mzee, mpakani mwa kihamba chake Primus, shamba la migomba, masale yalikuwa yamestawi, yanang'aa kwa mvua. Vijana ambao Primus aliwatuma kutafuta masale ya kupanda hapo walikuwa wamemletea mzigo mzima. "Tumeyang'oa korongoni, bwana, hayana mwenyewe." Naye akawasifu.

"Umenipata, mkwe wangu?"



"Nimekupata, baba."

Akampakia mkewe kwenye keria, akamfunga kiunoni kwa mpira wa tairi.

"Mbona unakaza hivyo?" mkewe aliguna. "Unaniumiza."

Primus akaongeza fundo jingine.